Kimbunga Katrina: Namna makanisa yalivyobeba kazi ya misaada

Jumatatu tarehe 29 Agosti 2005, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kimbunga kilichopewa jina la Katrina kilitua nchi kavu karibu na mji mdogo wa Buras, kusini-mashariki mwa jimbo la Louisiana nchini Marekani. Upepo wake ulikuwa unakwenda kwa kasi ya takriban kilomita 200 kwa saa. Kabla ya jua kutua, sehemu kubwa ya jiji la New Orleans ilikuwa imezama, na miji ya pwani ya jimbo jirani la Mississippi ilikuwa imebaki misingi ya nyumba na ngazi zisizokwenda popote.

Wasikilizaji wetu wengi wanalikumbuka jina hilo kutokana na taarifa za habari za wakati ule. Kinachokumbukwa kidogo ni nani hasa aliyepika chakula, aliyewalaza watu, na aliyerudi miezi sita baadaye kutoa matope ndani ya nyumba. Sehemu kubwa ya jibu ni makanisa. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyofanyika, ilipofaulu na ilipokwama.

Kilichotokea

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kinachoitwa "hariken" kule Atlantiki ndicho kinachoitwa "saikloni" katika Bahari ya Hindi. Ni kitu kilekile: dhoruba kubwa inayozunguka, inayojilisha joto la bahari na kufa polepole ikifika nchi kavu. Dhoruba hizi hazijengeki karibu na mstari wa Ikweta, na ndiyo maana Mombasa na Dar es Salaam huzisikia zaidi redioni kuliko kuziona. Lakini watu wa Lindi walikipata kimbunga cha mwaka 1952, na majirani zetu wa Beira, Msumbiji, wanaijua Idai ya Machi 2019 kwa machozi.

Upepo wa Katrina uling'oa mapaa, lakini wengi waliuawa na maji. Pwani ya Mississippi, bahari ilipanda zaidi ya mita 8 karibu na mji wa Pass Christian. New Orleans ilikuwa na tatizo la aina yake. Sehemu kubwa ya jiji iko chini ya usawa wa bahari, na huzungukwa na matuta na kuta za kuzuia maji. Kuta na matuta hayo yalipasuka katika sehemu zaidi ya 50, na asilimia 80 ya jiji ikafunikwa na maji. Mwaka uliofuata, kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kilichozijenga kuta hizo kilikiri kwamba usanifu wake ulikuwa na kasoro. Maji yalitolewa kwa pampu, na kazi hiyo ilichukua wiki sita hivi.

Kwa miaka mingi idadi ya vifo iliyotajwa ilikuwa 1,833. Mwaka 2023 kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani kilipitia hesabu upya na kuweka 1,392. Zaidi ya watu milioni moja walihama makwao, wengine wakafika Houston, Atlanta na hata majimbo ya mbali kaskazini.

Mpango uliochelewa

Meya wa New Orleans, Ray Nagin, alitoa amri ya watu wote kuondoka Jumapili asubuhi, siku moja kabla ya kimbunga. Wenye magari walijaza barabara kuu. Zaidi ya wakazi laki moja hawakuwa na gari, na wengi wao walikuwa maskini, weusi, wazee au wagonjwa.

Jambo la kuuma ni kwamba hatari hiyo ilijulikana. Kabla ya Katrina, Shirika la Msalaba Mwekundu na baadhi ya makanisa ya jiji walikuwa wameanza mpango ulioitwa "Mlinzi wa Ndugu". Wazo lake lilikuwa rahisi kama chakula cha nyumbani: kila kanisa liwaandike waumini wenye magari na waumini wasio na magari, liwaunganishe wawili wawili, ili siku ya hatari kila mtu ajue atapanda gari la nani. Haukuhitaji mitambo wala bajeti kubwa. Ulihitaji daftari na watu wanaofahamiana. Katrina ilipofika, mpango ulikuwa bado katika majaribio kwenye makanisa machache tu.

Mtu akisoma historia ya misaada ya Katrina, hurudi tena na tena kwenye daftari hilo ambalo halikujazwa.

Makanisa yanageuka malazi

Serikali ilifungua uwanja wa michezo wa Superdome kama kimbilio la mwisho. Baadaye maelfu walikusanyika pia kwenye jumba kubwa la mikutano la jiji, wakakaa siku kadhaa bila chakula, maji wala vyoo vya maana. Picha hizo zilizunguka dunia nzima.

Picha ambazo hazikuzunguka ni za kumbi za makanisa. Katika vijiji na miji midogo ya Louisiana, Mississippi, Alabama na Texas, wachungaji walifungua milango bila kusubiri barua ya mtu. Viti virefu vilisogezwa pembeni, magodoro yakatandikwa, akina mama wa kanisa wakaingia jikoni. Mara nyingi mchungaji alikuwa ameombwa apokee familia mbili, zikaja ishirini.

Hapo tatizo la kwanza likajitokeza. Msalaba Mwekundu ulikuwa na orodha ya vituo vilivyokaguliwa na kukubaliwa, na vifaa vilipelekwa kwenye vituo hivyo. Makanisa mengi yaliyofungua milango yenyewe hayakuwa kwenye orodha. Kwa hiyo kuliweza kuwa na kituo rasmi chenye mablanketi ya kutosha, na mwendo mfupi kutoka hapo kanisa lenye watu wengi linalonunua mkate kwa sadaka ya Jumapili. Makanisa mengi ya watu weusi yalijikuta katika hali hiyo. Yalikuwa madogo, hayakuwa na uhusiano na ofisi za juu, lakini ndiyo waliyoyaamini watu waliokimbia.

Ripoti ya Ikulu ya Marekani iliyotolewa Februari 2006 ilikubali jambo hili waziwazi. Ilisema makundi ya dini na ya kujitolea yalifanya kazi kubwa, na mara nyingi yalifaulu licha ya serikali, si kwa sababu ya msaada wake.

Majiko ya Wabaptisti

Kulisha watu mia ni kazi ya jiko la kanisa. Kulisha watu laki moja, siku baada ya siku, mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba, ni kazi nyingine kabisa. Hapa waliong'ara ni Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini Marekani.

Walianza kujifunza kazi hii mwaka 1967, kimbunga Beulah kilipopiga Texas. Kufikia 2005 walikuwa na majiko yaliyofungwa juu ya matrela, yenye masufuria makubwa, matangi ya gesi, matangi ya maji na jenereta. Gari linavuta jiko mpaka kwenye uwanja wa kanisa au wa maduka, na baada ya saa chache chakula kinapakuliwa. Jiko moja kubwa linaweza kutoa maelfu kwa maelfu ya sahani kwa siku.

Wapishi ni wa kujitolea, wengi wao wastaafu wanaovaa fulana na kofia za njano. Hawaji tu kwa sababu wana moyo. Wamepitia mafunzo: usafi wa chakula, jinsi ya kuongea na mtu aliyefiwa, jinsi ya kutumia msumeno wa injini bila kujikata mguu.

Kuna mgawanyo wa kazi unaostahili kuangaliwa kwa makini. Msalaba Mwekundu hununua chakula. Wabaptisti hupika. Kisha magari ya Msalaba Mwekundu hukibeba kikiwa moto ndani ya masanduku maalumu na kukipeleka mitaani. Kila upande unajua mpaka wake. Kwa mpangilio huo, baada ya Katrina na kimbunga Rita kilichofuata mwezi Septemba, majiko ya Wabaptisti yalitoa zaidi ya sahani milioni 14.

Jeshi la Wokovu, ambalo watu wengi hulijua kama shirika la misaada lakini ni kanisa kamili lenye ibada na maofisa wake, lilileta magari ya chakula na vinywaji. Makanisa haya hayakukutana kwa mara ya kwanza katika matope ya Katrina. Mwaka 1969 kimbunga Camille kiliipiga pwani hiyohiyo ya Mississippi. Misaada ilimiminika ovyo, mashirika yakagombana na kurudiana kazi. Mwaka uliofuata yale makubwa yakaunda umoja wa kitaifa wa mashirika ya kujitolea, ili kila moja lijulikane linafanya nini. Anayepika apike, anayejenga ajenge, anayeandika majina aandike.

Kuvua nyumba

Maji yalipoondoka, ndipo kazi ndefu ilipoanza. Nyumba nyingi za New Orleans zilikuwa bado zimesimama. Ukiziangalia kwa nje unaweza kudhani zinahitaji kufagiliwa tu. Ndani, kila kitu kilikuwa kimeoza.

Nyumba za kule hujengwa kwa fremu ya mbao, na kuta za ndani ni bodi za jipsamu. Bodi hiyo ikilowa hunyonya maji kama mkate. Katika joto la Septemba, ukungu mweusi ulipanda kutoka sakafuni mpaka kwenye dari. Dawa yake ni moja: kuivua nyumba mpaka ibaki mifupa.

Kikundi cha watu kumi hivi huingia na barakoa, glavu na viatu vizito. Kwanza hutolewa samani, mazulia, nguo na vitabu vilivyoshikana kama tofali. Friji hufungwa kwa utepe na kuburutwa nje bila kufunguliwa, maana ndani kuna nyama ya wiki kadhaa bila umeme. Mitaa mizima ilipangwa mafriji meupe kando ya barabara. Kisha mtaimbo na nyundo hubomoa bodi za ukuta, misumari hung'olewa mmoja mmoja, toroli husomba uchafu, na mbao zilizobaki husuguliwa na kunyunyiziwa dawa ya kuua ukungu. Ni kazi ya siku kadhaa kwa nyumba moja. Fundi wa kulipwa angetoza maelfu ya dola, fedha ambayo mwenye nyumba hakuwa nayo.

Idara ya misaada ya Kanisa Katoliki la Jimbo Kuu la New Orleans iliendesha mpango wa kazi hiyo kwa kutumia vijana na watu wazima waliotoka kila pembe ya nchi. Katika Mississippi, Walutheri na Kanisa la Episkopo, ambalo ni ndugu wa Anglikana, walifungua kambi ya pamoja karibu na mji wa Long Beach, ambako waliojitolea walilala, wakala na kupangiwa nyumba za kwenda kufanyia kazi. Wakati huohuo makanisa yao wenyewe yalikuwa magofu. Kanisa la Episkopo la Mkombozi katika mji wa Biloxi lilibomolewa na Camille mwaka 1969 ukabaki mnara wa kengele, likajengwa upya, na Katrina ikalibomoa tena.

Katika kikapu hiki wamo pia Wamenonite. Wasikilizaji wa mkoa wa Mara wanawajua vizuri, kwa kuwa kanisa hilo lina mizizi Shirati na Musoma tangu miaka ya 1930. Wamenonite wa Marekani na Kanada wana chombo chao cha maafa kilichoanza Kansas mwaka 1950, na sifa yake ni kwamba huchelewa kuondoka. Wengine wakishafunga virago, hao ndio kwanza wanapiga misumari ya paa. Wengi wao ni wakulima na maseremala, kwa hiyo nyumba wanayoijenga haivuji.

Kwa jumla, katika miaka miwili ya kwanza zaidi ya watu milioni moja walikwenda kujitolea katika pwani hiyo, wenye dini na wasio na dini. Uzuri wa hesabu hiyo usitufiche upande wa pili. Mtu wa kujitolea anakula, analala, anaugua, na anahitaji kuelekezwa. Kanisa dogo lililopokea wageni 40 kila wiki kwa mwaka mzima lilikuwa limepata msaada na mzigo kwa pamoja.

Mtaa wa Versailles

Kisa kinachosimuliwa kuliko vyote ni cha parokia ya Maria Malkia wa Vietnam, katika mtaa uitwao Versailles, mashariki mwa New Orleans.

Hapa inafaa kusimama kidogo tueleze neno "parokia", kwa kuwa Louisiana hulitumia kwa maana mbili. Kwa sababu jimbo hilo lilitawaliwa na Wafaransa na Wahispania Wakatoliki, hata wilaya za serikali huitwa kwa neno lilelile la parokia. Ukisikia "Parokia ya St. Bernard" katika habari za Katrina, inayosemwa ni wilaya nzima, si kanisa. Versailles ilikuwa na parokia ya kweli, yenye padri.

Wakazi wake walikuwa Wavietnam Wakatoliki. Wengi walitoka kaskazini mwa Vietnam, wakakimbilia kusini mwaka 1954 nchi ilipogawanywa, kisha wakakimbilia Marekani mwaka 1975 vita vilipokwisha. Kanisa Katoliki la New Orleans ndilo lililowapokea. Walilima mboga kandokando ya mifereji, wakauza sokoni kila Jumamosi alfajiri. Katrina ilikuwa kukimbia kwao kwa mara ya tatu.

Padri wao, Vien The Nguyen, alibaki na wale walioshindwa kuondoka. Baada ya kuokolewa alizunguka kwenye kambi na malazi, Texas na Arkansas, akiwatafuta waumini wake kwa majina. Parokia ilikuwa imegawanywa tangu zamani katika kanda, kila kanda na viongozi wake, mpango ambao Mkatoliki yeyote wa Afrika Mashariki aliyezoea jumuiya ndogo ndogo ataufahamu mara moja. Kwa hiyo ilijulikana nani yuko wapi, nani mgonjwa, nani ana lori, nani fundi umeme.

Mwanzoni mwa Oktoba 2005, wakati sehemu kubwa ya mashariki mwa jiji ilikuwa kimya kama makaburi, Misa ilisomwa Versailles. Watu walisafiri mwendo mrefu kuja kusali na kusafisha nyumba zao. Shirika la umeme lilisita kurudisha umeme katika eneo ambalo halikujua kama lina wateja. Padri Vien akapeleka orodha ya kaya zipatazo 500 zilizoahidi kurudi na kulipa, pamoja na picha za waumini waliojaa kanisani. Umeme ukarudi kwao kabla ya mitaa jirani.

Kisha jiji likafungua jalala la mabaki ya kimbunga karibu na makazi yao. Wavietnam hao, ambao wengi wao hawakuwahi kuandamana katika maisha yao yote, waliingia barabarani pamoja na majirani zao weusi, wazee wakiwa mstari wa mbele. Agosti 2006 jalala likafungwa. Mwaka huohuo parokia ilianzisha shirika lake la maendeleo, lililoendelea kushughulikia afya, shule na makazi.

Makanisa yaliyopoteza watu

Si kila kisa kina mwisho wa namna hiyo. Kanisa la Kibaptisti la Franklin Avenue, la watu weusi, lilikuwa na waumini wapatao 7,000. Baada ya Katrina jengo lilizama na waumini wakatawanyika nchi nzima. Mchungaji wake, Fred Luter, alisafiri kati ya miji kuwafuata, na tawi likaanzishwa Houston kwa ajili ya waliohamia huko. Waliorudi New Orleans walisali katika jengo la kanisa jingine la Kibaptisti, lenye waumini wengi weupe, mpaka walipofungua lao tena mwaka 2008. Miaka minne baadaye, Luter alichaguliwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza Wabaptisti wa Kusini, dhehebu lililozaliwa mwaka 1845 kutokana na mgogoro wa utumwa.

Jimbo Kuu Katoliki nalo lilikuwa na makanisa mengi yaliyoharibika, waumini wachache na madeni. Lilianza kufunga na kuunganisha parokia. Mwaka 2006 lilitaka kuifunga parokia ya Mtakatifu Augustino katika mtaa wa Tremé, kanisa lililoanzishwa miaka ya 1840 na watu weusi huru. Waumini walipinga, na vijana waliokuwa wamekuja kujitolea wakajifungia ndani ya nyumba ya padri. Parokia ikapewa muda zaidi, na ipo mpaka leo. Parokia nyingine mbili hazikuwa na bahati hiyo: Januari 2009 polisi waliingia kuwatoa waumini waliokuwa wakilinda makanisa yao mchana na usiku.

Kwa mtu aliyepoteza nyumba, kuambiwa kwamba na kanisa lake linafungwa lilikuwa pigo juu ya pigo. Uongozi wa jimbo ulikuwa na hesabu zake na hesabu hizo hazikuwa za uongo. Lakini binafsi naona ugumu wa kumwomba mtu arudi katika mtaa ambao wewe mwenyewe unaondoka.

Fedha, karatasi na swali la dini

Mwishoni mwa Septemba 2005, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, FEMA, lilitangaza kwamba makanisa yaliyolaza na kulisha watu kwa maombi ya serikali yangeweza kurudishiwa gharama. Mjadala ukawaka. Katiba ya Marekani haitaki serikali iwe na dini, na baadhi ya watu waliona hatari katika kulipa makanisa fedha za kodi. Baadhi ya viongozi wa kanisa nao walikataa, wakisema kilichotolewa ni sadaka, na sadaka haitumiwi ankara. Wengine walizihitaji fedha hizo, maana bili za umeme na maji zilikuwa zimewazidi.

Mradi mkubwa zaidi wa fedha uliopitia kanisani ulitokana na michango ya serikali za nje. Dola milioni 66 za michango hiyo zilikabidhiwa kwa idara ya misaada ya Kanisa la Muungano wa Methodisti, lililoongoza kundi la mashirika mengine. Fedha hazikugawiwa mikononi. Zililipa wafanyakazi waliokaa na familia moja moja na kuuliza: una hati ya nyumba? Una bima? Dawa za mama unapata wapi? Kisha wakaifuata kesi hiyo ofisi kwa ofisi. Mradi ulifungwa Machi 2008, baadhi ya familia zikiwa bado zinaishi kwenye matrela ya serikali.

Kazi hiyo ya karatasi haina picha nzuri ya gazetini, lakini ndiyo iliyoamua nani arudi nyumbani. Katika familia nyingi nyumba ilikuwa bado kwa jina la babu aliyefariki zamani, na bila hati safi hapakuwa na malipo. Wasikilizaji wenye mashamba ya ukoo yasiyogawanywa wanaelewa bila kuelezwa zaidi. Aidha, mpango mkuu wa fidia wa Louisiana ulipiga hesabu kwa kuangalia bei ya nyumba kabla ya kimbunga. Nyumba mbili zenye ukubwa mmoja zilipata fedha tofauti kwa sababu moja ilikuwa mtaa wa weusi, ambako bei zilikuwa chini. Wakazi walishtaki, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2011.

Yaliyokwenda kombo

Nguo zilikuja nyingi mno. Malori ya mitumba yalimwagwa kwenye viwanja vya makanisa, mvua ikanyesha, na waliojitolea wakapoteza siku nyingi kuchambua na kutupa. Fedha na turubai zingesaidia zaidi.

Wapangaji walisahaulika. Makanisa yalijua kujenga nyumba ya mwenye nyumba, lakini zaidi ya nusu ya kaya za New Orleans zilikuwa za kupanga. Kanisa haliwezi kuingia na nyundo katika nyumba ya mwenye mali aliyeamua kutorudi, na kodi ilipopanda, aliyekuwa mpangaji alibaki Houston.

Wapo pia wahubiri, wengi wakiwa mbali na maji, waliosema kimbunga kilikuwa adhabu ya Mungu kwa jiji la starehe. Mitaa ya starehe iko sehemu ya juu ya jiji, na haikuzama sana. Waliozama ni watu wa Lower Ninth Ward na St. Bernard, wafanyakazi, wastaafu na waenda kanisani.

Tarehe 29 Agosti 2021, miaka 16 kamili baada ya Katrina, kimbunga Ida kiliipiga Louisiana kikiwa na upepo mkali zaidi. Safari hii kuta za New Orleans, zilizokuwa zimejengwa upya kwa takriban dola bilioni 14, zilishikilia. Umeme ulikatika jiji zima, katika maeneo mengine kwa wiki kadhaa. Majiko ya matrela yakavutwa tena barabarani, na watu wa fulana za njano wakawasha gesi.